Stumai Juu ya Nyumba

Hakukuwa na nyumba Unyanseko ambayo Stumai hakuwahi kuipanda. Huko nyumba ni tembe, paa lake bapa, limejazwa udongo juu ya miti, na udongo hauna urafiki na jua la Singida. Kiangazi kikichacha, paa linapasuka nyufa za kuingia kidole. Hapo ndipo Stumai anapoitwa. Hufika na ndoo yake, akaponda udongo kwa miguu, akachanganya majivu na samadi ya ng'ombe, akapanda kwa gogo lenye vidato, akatembea juu ya paa la mtu kama anayetembea uani kwake.

Alikuwa na miaka ishirini na minane, mrefu, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya korongo bila kupazwa. Akifanya kazi alitunga mashairi kichwani na kuyaimba. Wengine walisema ana kichaa kidogo. Lakini mvua ikinyesha na watoto wao wakalala pakavu, kichaa kile hawakukiona.

Na mtu anayekaa juu ya mapaa huona mengi. Stumai aliona mitungi iliyolala kifudifudi nje ya kila mlango. Aliona wanawake wakishuka mtoni alfajiri, wakichimba mchanga kwa vibuyu hadi kiunoni, wakirudi jua likiwa kali na debe moja la maji yenye rangi ya chai. Miaka mitano ya uhuru, na mchanga ulikuwa uleule. Halmashauri ya wilaya ilikuwa na pampu moja ya kutoa kwa upande ule, na kila mara pampu ile ilipotajwa, ilitajwa kwenda kata nyingine.

Basi siku Chama kilipoita mkutano wa kupendekeza majina ya udiwani, na Luciana, shoga yake wa kukandika, akapiga kelele kutoka nyuma, "Andikeni Stumai!", watu walicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka, kisha wakanyoosha mikono. Yakabaki majina mawili: Stumai, ambaye hakuwahi kugombea hata uenyekiti wa kikundi cha ngoma, na Mzee Nathanaeli, ambaye nchi nzima ya pale ilimwita Karani.

Karani alisoma Kilimatinde enzi za Mjerumani zilipokuwa bado zinanuka. Miaka kumi na tisa alikuwa karani wa baraza la mtemi. Utemi ulipofutwa, yeye hakufutika. Alikuwa na baiskeli, kofia ya kaki, na Kiswahili cha kuandikia barua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa ndiye.

Kura ya kugawana alama, kwa ajili ya wasiojua kusoma majina, ikapigwa mbele ya Ndugu Melkizedeki, msimamizi wa uchaguzi aliyetoka Singida mjini. Karani akapata jembe. Stumai akapata nyumba.

Stumai aliruka. Nyumba! Yeye anayeponya nyumba za watu, apewe alama gani nyingine? Alirudi kwake akiimba njia nzima, na mume wake Filipo, mtu wa ng'ombe na maneno machache, akamwambia, "Mungu amekuchagulia." Karatasi yenye alama yake ilipobandikwa ukutani mwa baraza, aliitazama kwa furaha hata hakuichunguza. Pale palichorwa nyumba yenye paa la mgongo, pembe kali juu, mlango katikati, dirisha huku na dirisha huku.

Mikutano mitatu ilipita ya moto. Kanuni ilikuwa moja kwa wote: wagombea wahutubie pamoja mkutano mmoja, wazungumze Kiswahili tu, pasiwe na ngoma wala zawadi wala kutaja kabila wala dini, na nje ya mkutano asipite mtu mlango kwa mlango, atakayepita, jina la mgombea wake litafutwa. Stumai akasimama, akazungumza maji. Akasema jinsi debe linavyokata shingo. Akasema pampu ile ataifuata Singida kwa miguu na kulala mlangoni mwa ofisi mpaka wamchoke. Vigelegele vilipanda hadi Ndugu Melkizedeki akaziba masikio. Karani alipozungumza watu walipiga makofi ya heshima, ya kuhesabika.

"Tumeshinda," Luciana alisema baada ya mkutano wa tatu, akimrusharusha mkono. "Dada, tumeshinda, kilichobaki ni kutia alama tu!"

Stumai naye aliamini hivyo. Usiku alilala huku moyo unacheza.

*

Jumanne, siku nne kabla ya kura, alikuwa juu ya paa la Bibi Yunisi akiziba ufa. Bibi alikaa chini kivulini mwa ukuta akichambua mtama, wakizungumza Kinyaturu chao, mmoja juu mmoja chini.

"Shuka unywe uji, mjukuu wangu, utaanguka na udiwani wako."

"Sijaanguka miaka kumi na tano, Bibi, nianguke wiki hii?"

"Haya. Ila mimi usinihangaikie. Jumamosi nitaamka mapema, nitakupigia jembe lako, nitarudi kulala."

Mkono wa Stumai ulisimama kwenye udongo.

"Bibi, umesema jembe?"

"Jembe. Macho yangu mabovu, lakini jembe nitaliona."

"Bibi, mimi ni nyumba."

Bibi Yunisi alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Wewe nyumba? Nyumba ile ya bati? Ile si baraza? Nani hajui nani alikaa mle miaka yote akituandika majina? Pale ndipo marehemu mume wangu alipochapwa viboko kwa ajili ya kodi. Ile ni nyumba ya Karani, mwanangu. Wewe ni mtu wa jembe kama sisi."

Stumai alishuka gogo bila kugusa vidato viwili vya mwisho. Alikimbia, na udongo mikononi, mpaka ukutani mwa baraza, akaitazama ile karatasi kama vile hakuwahi kuiona. Kisha akarudi nyuma hatua kumi, akalitazama baraza lenyewe. Paa la mgongo, pembe kali juu. Mlango katikati. Dirisha huku na dirisha huku. Katika Unyanseko yote, kutoka korongo hadi kwenye miamba, nyumba ya namna ile ilikuwa moja tu.

Luciana alishuka mtoni jioni ileile, akachota maji na kusikiliza. Hakufanya kampeni, alisikiliza tu. Alirudi amekunja uso.

"Wanawake kumi na mmoja," alisema. "Tisa wanakupenda kufa. Na tisa hao wanakwenda kutia alama kwenye jembe."

"Lakini nimesema! Mara tatu nimesimama nikasema alama yangu ni nyumba!"

"Umesema kwa Kiswahili, kwa haraka, wakati wanapiga vigelegele. Waliosikia walidhani unazungumzia kuziba nyumba."

Asubuhi ya Jumatano alimfuata Ndugu Melkizedeki kwenye hema lake. Alikuwa kijana wa suruali ya kaki iliyopigwa pasi, mwenye kitabu cha kanuni mfukoni na woga wa kukosea usoni.

"Ndugu Msimamizi, watu wamechanganya alama. Niruhusu nipite kwa wazee niwaeleze."

"Mlango kwa mlango ni marufuku, dada yangu."

"Basi kesho kwenye mkutano niseme Kinyaturu dakika mbili tu."

"Lugha ya mkutano ni moja."

"Basi badilisheni picha. Mchore tembe!"

"Picha hii imetoka Dar es Salaam," alisema, na kwa namna alivyosema ungedhani imetoka mbinguni. Kisha akalegea kidogo. "Dada, mimi nina huruma. Lakini nikivunja kanuni moja, uchaguzi wote unavunjika. Una mkutano mmoja. Ndani ya kanuni, fanya unachoweza."

Njiani kurudi, kengele ya baiskeli ililia nyuma yake.

"Shikamoo, Mzee Karani."

"Marahaba, binti. Mbona mnyonge? Nasikia akina mama wote ni wako." Karani aliteremka, akaegemeza baiskeli kiunoni, akavuta kofia. "Nami nawashukuru sana. Wanalipenda jembe langu, wee!"

Stumai alimtazama machoni. Alijua! Hapo ndipo alipokumbuka: katika mikutano mitatu Karani hakuwahi kutamka neno jembe. Alikuwa akisema, "Alama yangu ninyi mnaijua," halafu anatabasamu na kukaa.

"Mzee, unajua wamekosea."

"Mimi nimesema uongo wapi? Nitajie siku na mahali." Alipanda baiskeli yake. "Siasa si udongo, binti, hukandi ukapata umbo utakalo."

Hasira ilimpanda Stumai ikamjaza kifua, lakini chini ya hasira palikuwa na kitu kingine, kitu cha moto kinachochekesha, kama anavyojisikia akiwa ameona ufa ulipoanzia. Mtu huyu ana jembe, na anaogopa kuonekana nalo! Alitembea. Akatembea haraka. Mwisho akakimbia.

"Filipo!" aliita kabla hajafika uani. "Lile gogo letu refu, lina vidato vingapi?"

*

Alhamisi uwanja wa baraza ulijaa. Wazee walikuja na viti vyao vya ngozi, wanawake wakakaa chini na watoto migongoni, vijana wakasimama pembeni wakitaniana. Ndugu Melkizedeki alisoma kanuni zote tangu mwanzo. Karani akapewa zamu ya kwanza.

Alizungumza vizuri, tusimnyime haki yake. Alizungumza uhuru na kazi, ujamaa na uzoefu, hasa uzoefu. "Na alama yangu," alimaliza, "ninyi mnaijua." Akatabasamu. Akakaa.

"Mgombea wa pili," alisema msimamizi, "dakika kumi na tano."

Stumai hakupanda jukwaani. Alikwenda ubavuni mwa baraza. Filipo alikuwa ameliegemeza gogo ukutani na kulishika kwa mikono miwili, ametazama mbele kama vile hajui kinachoendelea. Stumai akafunga khanga kiunoni, akapanda.

"Anakwenda wapi huyu?"

"Stumai! Hilo bati, si tembe!"

Bati lilikuwa la moto na lenye utelezi, na mteremko wake haukufanana na kitu chochote ambacho miguu yake ilikijua. Alikwenda kwa magoti na viganja, akafuata mstari wa misumari, akasikia bati likilia chini yake. Alipofika kwenye mgongo wa paa aliketi kama mpanda punda, akapumua, kisha akasimama. Akasimama wima kabisa, mguu huu upande huu, mguu huu upande huu, na upepo ukapeperusha khanga yake. Aliona Unyanseko yote. Aliona watu mia nane wameinua videvu.

"Ndugu Msimamizi!" Karani alikuwa amesimama. "Hii ni nini? Hii inaruhusiwa?"

Ndugu Melkizedeki alifungua kitabu chake. Alilowesha kidole, akafunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Kanuni," alisema mwishowe, "haisemi lolote kuhusu paa."

Kicheko kilipasuka. Stumai akakingoja kipite.

"Wazee wangu, shikamooni! Akina mama, mnanionaje?"

"Tunakuona!"

"Niko wapi?"

"Juu!"

"Juu ya nini?"

Wengine walisema baraza, wengine bati. Vijana wakasema nyumba. Wazee walikuwa wamekaa tu, wamekunja macho kwa jua. Aliona nyuso zile na akajua bado haijaingia. Nusu ya kazi ilikuwa yake. Nusu nyingine ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mzee Karani, shikamoo!" alipaza sauti. "Mimi niko kwenye alama yangu. Wewe ya kwako iko wapi?"

Karani akapunga mkono. "Wanaijua."

"Wanaijua, lakini tangu tuanze hatujakuona umeishika! Au huliwezi? Nasikia miaka kumi na tisa mkono ule ulishika kalamu tu. Msimlaumu, jamani! Kalamu haitoi malengelenge!"

"Aaa!" walilia vijana. "Karani, unaachia hiyo?"

"Mikono yake laini kama ya mtoto mchanga," Luciana alitupia kutoka kati ya wanawake. "Mpeni maziwa!"

Karani alivuta pumzi. Alitazama kushoto na kulia. Shingo yake ilianza kuvimba. Kila mtu mzima pale alijua kwamba kumwambia mwanamume wa Unyanseko hajui kulima ni kumwambia hana kwao, na Karani, pamoja na kofia yake na barua zake, alikuwa mwanamume wa Unyanseko.

"Mimi?" alisema. "Mimi silimi? Nimelima huyu hajazaliwa! Marehemu baba yangu aliniamsha jogoo la kwanza!"

"Maneno hayo," alisema Stumai kutoka juu. "Tunataka kuona jembe."

"Leteni!" Karani alinguruma. "Leteni jembe hapa!"

Mzee mmoja aliyepitia mkutanoni akitoka shambani alikuwa na lake begani. Karani alilinyakua, akavua koti, akalitupa juu ya kiti cha msimamizi. Akainua jembe juu ya kichwa kwa mikono miwili, uwanja mzima ukaliona liking'aa, akalishusha. Pu! Ardhi kavu ilipasuka. Akainua tena. Pu! Na tena! Alikuwa anajua kulima kweli, na alikuwa amesahau kila kitu isipokuwa kuonyesha kwamba anajua. Pu!

Ndipo sauti ya Bibi Yunisi ilipopanda, kali, ya Kinyaturu kitupu, na kwa kuwa yeye hakuwa mgombea, hapakuwa na kanuni ya kumnyamazisha.

"Mama yangu! Kumbe jembe ni la Karani!"

Karani alisimama, jembe likiwa hewani.

"Na Stumai ndiye nyumba! Mtazameni! Karani jembe, Stumai nyumba! Na mimi nilitaka kumpa kura mtu wa viboko!"

Neno lilitembea uwanjani kama moto kwenye nyasi. Mzee akamgeukia mzee, mama akamshika mama begani, vidole vikaelekea juu, vidole vikaelekea chini. Karani alilishusha jembe polepole, akalitazama mikononi mwake kama mtu aliyekuta kitu asichojua amekiokota wapi. Na Stumai, kifua kikimpasuka kwa furaha, akalitoa shairi alilokuwa amelitunga usiku kucha:

Mvua ikija kwenu, nani hupanda paani?
Ni nani kwa shida zenu, hukanda tope jioni?
Nyanyueni macho yenu, nimepanda nyumba gani?
Nyumba ndiyo kura yenu, jembe la mzee chini!

"Nyumba!" walijibu. "Nyumba! Nyumba!" Stumai akarukaruka pale juu, jambo ambalo akiwa na akili zake asingelifanya juu ya bati la kutu, na mguu wake wa kulia ukatoboa, ukazama hadi gotini.

"Yesu!" alisema Filipo, na hilo ndilo neno pekee alilolisema mkutano mzima.

"Msiogope!" Stumai alipiga kelele, akicheka na kuuvuta mguu. "Siku zote nilijua paa lao bovu!"

*

Jumamosi walipiga kura. Jumapili alasiri walikusanyika tena ndani ya baraza na nje yake, wakati wingu zito, la kuwahi, limekaa juu ya miamba. Stumai alisimama karibu na ukuta, mguu wa kulia umefungwa kitambaa. Hakuweza kukaa. Luciana alikuwa amemshika mkono kwa nguvu kiasi kwamba vidole vilikufa ganzi.

Bibi Yunisi alimsogelea. "Nilitia alama mpaka karatasi ikatoboka," alinong'ona. "Hiyo wataihesabu?"

"Wataihesabu, Bibi."

Ndugu Melkizedeki alisimama na karatasi, na matone ya kwanza yakagonga bati. "Kura zilizoharibika, tisa. Jembe, mia mbili na themanini na moja." Mvua ikaongeza sauti, naye akaongeza yake. "Nyumba, mia tatu thelathini na..."

Mia tatu thelathini na ngapi, hakuna aliyesikia. Vigelegele vilishinda mvua. Luciana alimkumbatia Stumai na kumwinua kutoka chini, Filipo akavua kofia na kuivaa tena na kuivua, wanawake wakatoka kucheza kwenye maji kwa miguu mitupu, madebe yakawekwa wazi chini ya mchirizi wa paa. Stumai alilia na kucheka kwa pamoja, mdomo wazi, kama mtoto.

Alipofuta macho alimwona Karani. Alikuwa amekaa mahali pake pa miaka kumi na tisa, kwenye kiti kilekile nyuma ya meza, koti begani. Na juu ya kofia yake, kutoka kwenye tundu lenye ukubwa wa mguu wa mwanamke, maji yalikuwa yakidondoka. Tone. Tone. Tone. Hakusogea.

Stumai akamwendea. "Pole, mzee wangu."

Karani aliinua macho, akatazama tundu, akamtazama yeye. Uso wake ulikuwa mgumu, kisha pembe ya mdomo ikamshinda.

"Ndugu Diwani," alisema, "paa linavuja."

"Nimeona, mzee. Kesho nitakuja na ndoo."

"Ndoo ya nini? Bati halishiki udongo, mama. Utakuteremkia wote shingoni."

Stumai aliangalia juu. Ilikuwa kweli. Miaka yote ile juu ya mapaa, na hili hakujua linazibwa kwa kitu gani.

"Wewe unajua?"

"Nilikaa chini yake miaka kumi na tisa," alisema Karani, akivua kofia na kuikung'uta maji. "Vuta kiti."